Meza ya Wasafiri

Kanisani kwao Ruring'u, Nyeri, kulikuwa na mabenchi ishirini na matatu, na yote yalitoka mikononi mwa Kingori. Ishirini na mawili yalikuwa na egemeo. La ishirini na tatu, lile la nyuma karibu na mlango, halikuwa nalo. Si kwamba mbao zilipungua. Wazee wa kanisa walikuwa wamekubaliana kwamba mtu aliyetengwa na Meza ya Bwana aje ibadani kama wengine, asikie neno, ila asistarehe. Kingori ndiye aliyetoa wazo hilo, na kwa kuwa alikuwa seremala, ndiye aliyelitengeneza benchi lenyewe, kwa siku moja, bila malipo.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye penseli nyuma ya sikio hata siku ya Jumapili. Alitengeneza milango, vitanda, makabati na majeneza. Majeneza yake yalisifiwa mpaka Karatina kwa sababu kifuniko kilikaa sawa mara ya kwanza. Mteja akimwambia, "Fanya tu haraka, hata isipokuwa sawa," alimrudishia mbao zake na kuendelea na kazi ya mwingine. Hakunywa, hakuvuta, na kama aliwahi kucheka karakanani, hakuna aliyekuwapo siku hiyo.

Mtu aliyelikalia benchi la nyuma kwa muda mrefu kuliko wote aliitwa Theuri. Yeye na Kingori walikuwa rika moja. Walitahiriwa msimu mmoja na kuchunga mbuzi kwenye bonde moja. Baadaye Theuri alienda Mwea kulima mpunga, akawa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwaka wa 1977 alifika kwa baba yake mchana, akiwa hajala tangu apite Kutus njiani. Shangazi yake alimpokea nyuma ya jiko na kumpa kipande cha nyama juu ya jani la mgomba. Theuri alikula. Nyama ile ilikuwa ya kondoo dume aliyechinjwa asubuhi hiyo na jamaa wa ukoo ili kulitakasa boma, kwa kuwa mzee alikuwa mgonjwa na dawa za hospitali zilikuwa hazijamsaidia. Kanisa lilikuwa limekataza tambiko la namna hiyo tangu siku za wamisheni. Habari ilifika kwa wazee wa kanisa kabla ya wiki kuisha, na Theuri akaitwa.

"Nilipewa nyama nikala," alisema. "Sikuuliza."

"Uliimeza?" Kingori alimuuliza.

"Sasa Kingori, mtu akipewa nyama huifanyia nini?"

Wazee wawili walicheka. Kingori hakucheka.

"Sasa unajua ilikuwa ya nini?"

"Sasa najua. Wakati ule sikujua."

"Basi tubu."

"Nitatubu kwamba nilikula," Theuri akasema. "Mnataka nitubu kwamba nilishiriki tambiko nikijua. Hilo siwezi. Siwezi kudanganya mbele ya Mungu ili anirudishe mezani kwake."

Akataja maandiko mawili yanayohusu mtu aliyekula bila kujua. Kingori alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha.

"Kutojua hakutoi kitu tumboni," alisema.

Maneno hayo yalimaliza kikao. Yalitoka hata nje ya kanisa. Watoto wa Ruring'u walikuwa wakiambiana hivyo mmoja akila ndizi ya mwenzake. Theuri akapelekwa benchi la nyuma. Miaka minne baadaye binti yake Ngendo alipoolewa, alisindikizwa mpaka mbele na mjomba wake, kwa kuwa sheria ilikuwa kwamba mtu wa benchi la nyuma hapiti mbele kwa shughuli yoyote. Theuri alitazama harusi ya mwanawe akiwa karibu na mlango, na ibada ilipokwisha alikuwa wa kwanza kutoka. Kingori aliona, na hakuona sababu ya kubadilisha neno.

Mwaka wa 1983 kanisa moja la mji wa Tainan, katika kisiwa cha Taiwan, liliandika barua kuomba mgeni mmoja kutoka Kenya. Akae nao mwezi mzima, aione nchi yao, ahubiri akiweza. Mchungaji Muriithi alikuwa na presha na daktari alikuwa amemkataza ndege. Wazee walimchagua Kingori bila ubishi.

"Huyo hata akienda Sodoma atarudi na vipimo vya milango," mmoja alisema.

Kabla ya kuondoka, Kingori alipita Majengo kwa Sulemani, aliyemuuzia mbao kwa miaka ishirini, kuazima koti la mvua.

"Kingori, huko nasikia wanakula kila kitu," Sulemani alisema akimkung'utia koti vumbi. "Uliza kabla ya kula. Sisi tumezoea kuuliza, hatuoni haya."

"Mimi huomba kabla ya kula."

"Kuomba ni kuzuri. Uliza kwanza, halafu omba."

Kingori alichukua koti na kusema asante kwa koti.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Tan, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu mfupi asiyeachana na mwavuli. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni na cha Kingori kilikuwa cha misheni, kwa hiyo walielewana kwa adabu nyingi na polepole. Hawakuwa na haraka ya kitu chochote. Bwana Tan alisema mgeni akikimbizwa haoni nchi, na Kingori, ambaye hakuwahi kukimbizwa na mtu, alikubali.

Walipanda treni iliyopita katikati ya mashamba ya mpunga kwa saa nzima. Kingori alikuwa na daftari dogo. Aliandika: "Kama Mwea. Mifereji imenyooka zaidi." Walienda milimani, Alishan, kwa treni nyingine ndogo iliyouzunguka mlima ule ule mara tatu kabla ya kukubali kupanda. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba, na miti ambayo watu wanane hawangeweza kuikumbatia wakishikana mikono. Kingori alikwaruza gome kwa ukucha na kunusa. Ilikuwa harufu ya mtarakwa wa kwao, ila tamu zaidi kidogo. Alisimama pale mpaka Bwana Tan akadhani ameugua.

Alfajiri walitazama jua likichomoza juu ya mawingu yaliyolala chini yao kama maziwa kwenye sufuria. Bwana Tan alifuta machozi. Alisema huwa analia kila mara. Kingori aliuliza mbao za pale hukaushwa kwa muda gani kabla ya kupasuliwa, kisha akaandika: "Jua ni lile lile. Limewekwa mahali pazuri."

Mjini Tainan walitembea sokoni kila jioni, kibanda kwa kibanda. Kingori alikula mayai yaliyokaangwa na chaza na akaandika kwamba vilikuwa laini mno kwa umri wake. Alikunywa maji ya miwa na kuridhika. Kwenye kona moja alisikia harufu mbaya, akamgusa bega mwenye kibanda na kumweleza kwa upole kwamba bomba la maji machafu limepasuka mahali. Ikaonekana harufu ile ndiyo biashara yenyewe. Ni maharage ya soya yaliyogandishwa na kuvundishwa, na watu walikuwa wamepanga foleni. Kingori alikula vipande viwili kwa sababu alikuwa mgeni. Hakuandika kitu.

Chakula alichokipenda kuliko vyote kiliitwa mkate wa jeneza. Ulikuwa mkate mnene uliokaangwa, ukachimbwa katikati, ukatiwa mchuzi mzito wa kuku na maziwa, kisha ukafunikwa kwa kifuniko cha mkate. Bwana Tan alimweleza jina kwa wasiwasi, akihofia kwamba mgeni angechukia. Kingori aliinua kifuniko, akakirudisha, akakiinua tena.

"Kinakaa sawa," alisema. Akala miwili.

Zilibaki siku tano arudi nyumbani. Alasiri hiyo Bwana Tan alitaka kupita posta. Ulikuwa mwezi wa nane, na njiani karibu kila duka lilikuwa limetoa meza nje, mbele ya mlango, ikiwa imejaa chakula: bata mzima aliyechomwa, wali, mananasi, njugu, biskuti, chupa za soda. Kingori alikuwa ameziona meza hizo tangu asubuhi.

"Hizi ni za nani?" aliuliza.

Bwana Tan alifungua mwavuli ingawa hakukuwa na mvua wala jua.

"Ni za wasafiri," alisema. "Wale walio mbali na kwao, wasio na mtu wa kuwapikia."

"Mila nzuri."

"Ni ya zamani sana," Bwana Tan akasema, akaingia posta haraka kununua stempu.

Foleni ya posta ilikuwa ndefu. Kingori alisimama nje. Tangu chai ya asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni, na hatua tatu kutoka pale alipo kulikuwa na duka la nyuzi na vifungo lenye meza yake. Kando ya meza, juu ya stuli, kulikuwa na karai la maji safi na taulo mpya iliyokunjwa. Kingori aliyatazama maji yale. Kwao Nyeri mtu hawekewi maji ya kunawa kwa bahati mbaya. Maji yakishaletwa, mgeni asiponawa amemtukana mwenye nyumba. Na yeye alikuwa msafiri, mbali na kwao, na Wamucii mke wake alikuwa Ruring'u.

Alinawa. Alijifuta. Alisimama mbele ya meza, akainamisha kichwa, akaomba kwa sauti na kwa lugha ya mama yake, akimshukuru Mungu kwa mwenye duka, akambariki na nyumba yake. Kisha akang'oa paja la bata.

Mwenye duka, mama mzee mwenye nywele nyeupe, alitokea mlangoni na kuziba mdomo kwa mikono miwili. Kingori alimwinamia. Mama alibaki vile kwa muda, kisha akaingia ndani na kurudi na bakuli la wali moto, akaliweka mbele yake na kumwinamia pia. Akawasha vijiti vitatu vya moshi, akavisimamisha kwenye kopo la majivu katikati ya meza. Kingori alimshukuru tena kwa kufikiria mbu.

Alikuwa kwenye paja la pili Bwana Tan alipotoka posta. Stempu zikamponyoka.

"Mzee Kingori. Umekula?"

"Nimekula. Mwambie mama bata wake ni mzuri."

Bwana Tan na yule mama walizungumza kwa dakika kadhaa. Mama alionekana mtulivu kuliko wote. Kisha Bwana Tan alimshika Kingori mkono, akamketisha kwenye ngazi za posta, akamweleza. Katika mwezi huu, watu wengi wa kisiwa huamini kwamba wafu wasio na watoto wa kuwakumbuka hutoka na kuzurura wakiwa na njaa. Meza zile huandaliwa kwa ajili yao. Maji na taulo ni vya wao kunawa. Vijiti ni vya kuwaita.

"Ulisema wasafiri," Kingori alisema.

"Nilisema wasafiri. Niliona aibu kusema mizimu. Sisi watu wa kanisa tunapenda mgeni aone milima."

Kingori alitazama mikono yake. Mafuta ya bata yalikuwa bado kwenye vidole vyake.

"Mama alisema nini?"

"Ameshukuru. Anasema ameandaa meza hii miaka arobaini, na kila mwaka chakula hubaki kama kilivyo. Hii ndiyo mara ya kwanza anaona kimeliwa."

Usiku ule Kingori hakuja mezani, wala asubuhi yake. Bwana Tan, kwa majuto, alimtolea maandiko mawili yanayosema aliyekula bila kujua hana hatia. Kingori aliyatambua. Yalikuwa yale yale aliyoyataja Theuri, na kwa mpangilio ule ule.

Siku ya kuondoka Bwana Tan alimpa kipande cha mbao ya Alishan, urefu wa mkono. Kingori alikibeba ndani ya koti la Sulemani. Alipolirudisha Majengo, Sulemani alinusa.

"Linanukia vizuri. Uliuliza?"

"Niliuliza," Kingori alisema. "Nilijibiwa vibaya."

Sasa jambo lilikuwa hivi. Jumapili ya kwanza alitakiwa kusimama mbele ya kanisa na kutoa taarifa ya safari. Jumamosi inayofuata ilikuwa harusi ya Wachuka, binti yake wa pekee, na yeye ndiye wa kumsindikiza mpaka mbele. Alimweleza Wamucii yote jikoni, mchana, akiwa amesimama.

"Nani alikuona?" Wamucii aliuliza.

"Mimi."

"Wewe si shahidi, wewe ni mshtakiwa. Nani mwingine?"

"Bwana Tan. Na mama wa vifungo."

"Hao wako huko kwao. Baba Wachuka, sema ulikula bata. Si ni bata? Hutakuwa umedanganya."

"Theuri naye alikula kondoo."

Wamucii aliacha kumenya viazi. "Kwa hivyo utamwambia mtoto nini? Ati babake hawezi kutembea naye kwa sababu ya paja la bata?"

"Mapaja mawili," Kingori alisema.

Watu wengi wanyofu huishia hapo jikoni. Hawasemi uongo, hunyamaza tu, na kwa kuwa hakuna aliyewauliza, huhesabu kwamba hawakudanganya. Kingori alilifikiria jambo hilo siku nne akipiga randa mlango ambao ulikuwa tayari umelainika. Alijua kwamba akinyamaza ataendelea kuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili Theuri ataendelea kuwa nyuma yake, mgongo ukimuuma.

Jumapili alisimama mbele. Alieleza treni, mpunga, mlima na mkate wa jeneza, na watu walicheka, jambo lililomshangaza. Kisha akaeleza meza. Hakuacha kitu: karai, taulo, maombi, vijiti, mapaja mawili, bakuli la wali. Kicheko kilianza kwenye vijiti vya mbu na kufa chenyewe kabla hajamaliza.

Mchungaji Muriithi alisimama. "Mzee, hukujua. Ndugu zangu, si ni kweli hakujua?"

"Hakujua!" watu wakasema.

"Theuri pia alisema hakujua," Kingori alijibu. "Nikamwambia kitu hapa. Nyote mnakikumbuka, watoto wenu wanakisema. Kama kilikuwa kweli kwake, ni kweli kwangu. Kama si kweli kwangu, basi nimemkalisha mtu miaka sita kwa maneno matupu."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Theuri, kwa hiyo kila mtu alijua alipo.

"Theuri," mchungaji aliita, "ungali tayari kutubu kwamba ulikula?"

"Niko tayari tangu sabini na saba, mchungaji. Kula tu. Kujua, hapana."

Mchungaji Muriithi alifuta miwani. Alisema wazee watakaa kama ilivyo kawaida, mwisho wa mwezi, na kesi hizo mbili zitasikizwa kama moja. Mzee mmoja akanong'ona kwamba kikao kingeweza kufanyika hata kesho, kwa sababu ya harusi.

"Cha Theuri kiliitwa kesho?" Kingori aliuliza.

Hakungoja jibu. Akachukua Biblia yake, akatembea kati ya mabenchi ishirini na mawili, akaketi kwenye lile la nyuma.

Wachuka hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimletea chai karakanani, akaiweka juu ya mbao, akaondoka bila neno; lakini ilikuwa na sukari.

Jumamosi kanisa lilijaa. Ndugu yake Kingori alimshika Wachuka mkono na wakaanza kwenda mbele polepole, wimbo ukiimbwa. Kingori alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, suti mpya, penseli nyuma ya sikio. Benchi liliyumba kidogo upande wa kushoto. Alijaribu kusogea. Likayumba tena.

"Njoo huku," Theuri alisema chini chini. "Huko kunayumba."

Kingori alisogea, akainama kutazama. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa unene wa kidole.

"Mguu huu ni mfupi."

"Miaka sita."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Fundi mwenyewe ni wewe."

Kingori aliupima ule mwanya kwa kidole gumba, akatoa penseli na kuandika kipimo nyuma ya kadi ya harusi. Nyumbani alikuwa na kipande cha mbao ya Alishan, urefu wa mkono. Kingetosha na kubaki. Mbele kule Wachuka alikuwa amefika, na mchungaji alikuwa ameanza kusoma. Kingori alinyoosha shingo kuona juu ya kofia za akina mama, na Theuri, aliyeizoea nafasi ile, akamwonyesha pengo kati ya vichwa viwili ambalo kupitia kwalo mtu angeweza kuona madhabahu nzima. Kingori alimwona binti yake. Alitazama mpaka pete zikavishwa.

"Huyo bata," Theuri alinong'ona bila kugeuka, "alikuwaje?"

Kingori hakuwahi kusema uongo kanisani, na hakukusudia kuanza siku hiyo.

"Mtamu sana."

Theuri alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesubiri muda mrefu kupata wa kumwambia.

"Hata yule kondoo," alisema.